Hatua Arobaini na Moja Kutoka kwa Mzee wa Shaba

Wapwa zangu, mji huu una wapiga picha, halafu nipo mimi. Darasa la saba sikulimaliza, lakini wakubwa kwa wadogo, maharusi na hata mfungwa aliyeachiwa asubuhi hiyohiyo, wote wamesimama mbele ya kamera yangu wakashikana mkono na Mzee wa Shaba.

Mzee wa Shaba ni ile sanamu ya kiongozi iliyokuwa kwenye mzunguko mkubwa wa barabara, mkono mmoja mbele kama anayesalimia taifa zima. Ujanja wangu ulikuwa huu: nahesabu hatua arobaini na moja kutoka miguuni pake, napiga goti, namweka mteja hatua nne mbele yangu, anyooshe mkono hewani. Picha ikitoka, mkono wake umo ndani ya mkono wa Mzee. Miaka ishirini na mitatu, kuchungulia kwenye kamera sikuwahi. Nilikuwa nikijigamba kwamba mpiga picha anayechungulia ni kama mpishi anayeonja chungu kila dakika.

Basi barabara ikapanuliwa. Winchi ikambeba Mzee mchana kweupe, kamba kiunoni, akapelekwa bustani iliyo kati ya posta na mahakama ya zamani, chini ya mnara ambao saa yake, tangu niote ndevu, inaonyesha saa nne na robo. Likatoka tangazo: humo ataruhusiwa mpiga picha mmoja tu, na afisa wa bustani atawajaribu wote kwa kusimama mwenyewe kupigwa. Tuliomba sita. Nikikosa kibali kile, kazi yangu ndiyo imekwisha, nibaki na kamera na hadithi.

Asubuhi ya majaribio mke wangu, mshonaji, alikuwa kwenye cherehani yake.

"Umempima?" akaniuliza.

"Nimpime nani?"

"Mzee wako. Mimi hata mteja niliyemshonea miaka kumi akileta kitambaa, nampima upya."

"Shaba hainenepi, mke wangu."

Akauma uzi. Mwanamke akiuma uzi badala ya kukujibu, wapwa zangu, rudini mkapime. Mimi nilivaa kofia nikaenda.

Wenzangu watano walipiga picha za kawaida: afisa na maua, afisa na mnara, afisa na nguzo za mahakama. Zamu yangu ilipofika nikawatangazia kwamba sasa watamwona fundi. Nikahesabu hatua kwa sauti, nikapiga goti, nikamwambia mama afisa anyooshe mkono. Kamera kifuani, macho kwake, mdomo ukimchekesha. Nikabonyeza. Nikaichapisha palepale kwa mashine yangu ndogo nikamkabidhi bila kuitazama, kwa madaha.

Akaisogeza karibu na macho. Nikachungulia begani kwake, na hapo ndipo nilipoona kile ambacho mtu yeyote mwenye macho angekiona kutoka barabarani: bustanini Mzee wamempandisha juu ya tuta lenye ngazi saba, nami nimezishuka nikizihesabu kama hatua za kawaida. Mkono wake haukuwa tena mkononi mwa mteja. Ulikuwa sikioni. Mama afisa mzima, koti la kazi na beji, amevutwa sikio kama mwanafunzi aliyechelewa, huku mkono wake mwenyewe ukiomba msamaha.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilipona, kilichovunjika ni kiburi. Nikaanza kufunga mkoba.

"Fundi," akaniita, taratibu. "Mkuu wangu atapita saa sita kukagua. Naye ukimsimamisha hapa, itatokea hivihivi?"

"Mama, hata avae kofia."

Akaikunja picha akaitia ndani ya daftari, akatoa kalamu, akasaini kibali changu akiwa bado amekaza uso. Mabega ndiyo yaliyomsaliti, yakitikisika kwa kicheko.

Siku hizi foleni yangu inafika kwenye ngazi za posta. Wake wanaleta waume, walimu wanaleta walimu wakuu, na wote sasa wanajua pa kusimama. Lakini mteja wa kwanza baada ya kibali alikuwa mke wangu, na hakuja kupigwa. Alikuja na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akanipokonya kamera, akaniambia nisimame. Alichungulia muda mrefu sana.

Picha hiyo ipo sebuleni kwangu, juu ya redio, Mzee amenishika sikio barabara. Mkija, msiniulize kwa nini nacheka pale. Nilikuwa nalia.