Mwaka Niliposhika Mwiko

Nakumbuka siku moja ya mwaka 2013, mwanangu, hapa kwetu Heru Juu, nilipofunga mlango wa jikoni kwa ndani ili majirani wasinione nikiponda maharage.

Mke wangu Yustina alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali. Presha ilimwangusha shambani, mkono wa kulia ukalegea. Daktari alimpa dawa, akatuonya tupunguze chumvi, mafuta na nyama, tuzidishe mboga. Nesi mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Tanga akatuazima kitabu chake cha mapishi ya mboga na nafaka. Lakini nani apike? Yustina hakuweza kuinua sufuria, na mabinti zetu wote walikuwa wameolewa. Mimi nilikuwa dereva wa lori, enzi hizo mwili ungali na nguvu. Nilijua gia na breki. Kitunguu nilikijua kikiwa kwenye sahani.

Nikaanza na kababu za maharage. Kitabu kilisema chemsha, ponda, changanya na kitunguu na tangawizi, shikiza kwa unga wa ngano, kisha kaanga kwa mafuta kidogo. Zangu zilisambaratika kikaangoni zikawa tope jeusi. Yustina alizitazama akiwa mkekani, akacheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu aanguke. Nikajua kesho nitapika tena.

"Tia unga wa muhogo," akaniambia. "Ngano hiyo haishiki."

Kesho yake zikashikana. Kisamvu nikakipika kwa karanga na ndimu, mawese nikayaweka kando. Kadiri mkono wake ulivyopata nguvu, ndivyo nami nilivyoacha kufunga mlango.

Ndipo kaka yangu Laurenti akaja kututembelea kutoka Mabamba. Alinikuta uani nachambua majani ya maboga, akasimama akinitazama.

"Mdogo wangu, mwanaume mzima unafanya nini? Watu watasema nini?"

"Watasema Yustina yu hai," nikamjibu, nikaendelea kuchambua.

Nikamwandalia ugali, mboga na zile kababu. Akala moja, akala ya pili, akauliza nyama ile ni ya mnyama gani.

"Ni maharage, shemeji," Yustina akasema. "Kapika mdogo wako."

Laurenti akanyoosha mkono, akachukua ya mwisho.

Pasaka iliyofuata, Yustina alipanda kilima cha kanisa kwa miguu yake, akasimama na kwaya akaimba ibada nzima. Daktari alikuwa amempima, akasema presha imetulia, aendelee na dawa na chakula kilekile. Nilikaa benchi la mbele, kifua juu kama bwana harusi, na kila aliyenipongeza nilimweleza jinsi ya kupika kisamvu bila mawese.

Basi sikia, mwanangu. Umpendaye akiumwa, usimwachie daktari kazi yote, ingia jikoni. Ukiharibu, rudia. Pika kinachoota shambani kwako, na usione haya kwa kazi inayomponya mtu wako. Mungu aibariki mikono yako, na wote utakaowapakulia wainuke mezani wakiwa na nguvu.