Fulana ya Msiba Niliyompa Mama Mkubwa

Mkosaji ni mimi, wala simsingizii shetani. Nayaandika haya bila jina kwa sababu nikiyasema hapa mtaani Bigwa naogopa, na nikiyanyamazia usingizi hauji.

Nina kibanda cha steshenari. Natoa kopi, naprinti kadi za harusi, na siku hizi fulana za misiba, zile zenye sura ya marehemu kifuani. Misiba ndiyo inayonilisha, Mungu anisamehe.

Basi akafariki Beda, mume wa rafiki yangu. Aliugua kidogo tu, akaondoka. Kwao ni juu mlimani, Uluguru, na kesho yake ndiyo alikuwa anapelekwa kuzikwa. Rafiki yangu akanipigia huku analia, akaniomba fulana nyeupe za ukoo mzima. Nikamwambia tulia shoga, niachie mimi.

Pale kwangu kuna njia mbili. Ya kwanza ni skrini. Unapitisha wino wa nguo kwenye wavu, unaukausha kwa moto, na hapo hata fulana ichakae, sura haitoki. Ila rangi inakuwa moja, na kuitengeneza kunataka utulivu. Ya pili ni karatasi. Unaprinti picha kwenye karatasi maalumu, unaibandika kwenye fulana kwa mashine ya joto, inatoka na rangi zote, marehemu anacheka kama yupo. Nikachagua karatasi. Nilitaka watu waseme, "Hii kazi kafanya nani?" Sifa, jamani! Sifa zitaniua.

Njia ya karatasi inataka wino usioogopa maji. Ninao, lakini uliniishia zikiwa zimebaki fulana tatu. Nikajaza wino wa kawaida, ule wa kuprintia barua za watu. Nimemaliza kuprinti, sijabandika, umeme ukakatika. Nikawasha pasi ya mkaa nikabandika hivyo hivyo.

Kwa macho zilipendeza. Nikalowesha kidole kwa mate, nikagusa shavu la Beda, kidole kikaja na wekundu. Niliona! Nikazitupia chini kabisa ya mfuko, nikasema zikihitajika sana ndiyo nitazitoa.

Tukapanda mlimani. Watu wakagawiwa fulana, zikawatosha. Nikashusha pumzi. Mara akatoka jikoni Mama Mkubwa Apolonia, dada wa mama yake Beda, ambaye ndiye aliyemlea baada ya mama kufa. Macho yamemvimba kwa kulia na moshi. Akaniuliza, "Ya kwangu iko wapi, mwanangu?"

Ningesema zimekwisha, leo nisingekuwa naandika. Nilishindwa. Nikaingiza mkono chini ya mfuko nikampa.

Sasa nielezeni ningejuaje kwamba watu walikuwa na lao moyoni. Shamba la ukoo kule linafuata upande wa mama, na Mama Mkubwa ndiye mwenye kauli. Beda alitaka kuuza kipande, Mama Mkubwa akakataa, wakanuniana. Halafu kijana akafa ghafla. Minong'ono ya uchawi ilikuwa imeshapikwa, ilikuwa inasubiri chumvi tu. Chumvi nikaipeleka mimi.

Mvua ikatukuta makaburini. Mlima ule na mvua ni mtu na nduguye, na mimi nilizaliwa Morogoro, nalijua hilo! Tukalowa wote. Beda akaendelea kucheka kwenye vifua vyetu. Kwenye kifua cha Mama Mkubwa macho yakaanza kuchuruzika mekundu. Yakashuka mashavuni, yakafika tumboni, yakaingia kwenye kanga.

Wimbo ukakatika. Binamu mmoja wa marehemu akasema polepole, kila mtu akamsikia, "Beda anamlilia damu. Kati yetu wote hapa, yeye peke yake."

Mama Mkubwa akajitazama kifuani. Akajaribu kupangusa kwa viganja, vikawa vyekundu navyo. Vijana wakamzunguka. Katekista ndiye aliyejitia katikati akampeleka kanisani, la sivyo sijui.

Na mimi? Fulana mbili za namna ile zilikuwa kwenye mfuko begani mwangu. Ningeinyoosha moja tu kwenye mvua ile, wote wangeona. Nilifikiri: nikisema, hawa vijana wenye jembe na sepetu mikononi watanigeukia mimi. Nikaubana mfuko kwapani.

Nilipofika nyumbani nikazichoma zote mbili. Nilidhani nachoma hofu, kumbe nachoma ushahidi.

Siku chache baadaye rafiki yangu akanipigia. Nyumba ya Mama Mkubwa imetiwa moto. Mwenyewe ameponyoka, yuko Mikese kwa binti wa ndugu yake. Kisha rafiki yangu akasema afadhali wamemjua aliyemla mumewe. Nikamjibu pole. Hilo tu, pole.

Tangu hapo mtu akigonga kibanda kwa nguvu nashtuka. Mvua ikianza kupiga bati natoka jasho. Mwisho nikaenda Mikese.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka anachambua mchicha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama hakuna lililotokea. Nikamwambia yote, wino, pasi ya mkaa, mfuko, huku nimepiga magoti. Nilingoja anitukane.

Aliacha mchicha. Akauliza, "Kwa hiyo Beda hakunililia?"

Nikamwambia hapana mama, ni wino.

"Mimi nilishaamini," akasema. "Nilikuwa nakaa hapa najiuliza nilimfanyia nini mwanangu hata akanishtaki kwa watu akiwa kaburini."

Akalia. Jamani, alilia mpaka wenye nyumba wakaja mbio! Mimi nilidhani nimemkosesha nyumba tu. Kumbe nilimnyang'anya mtoto mara ya pili.

Ameniomba kitu kimoja, nipande nikaseme mbele ya ukoo. Nimekubali. Jumapili hii baada ya misa nitasimama, na katekista ameahidi kuwa karibu. Nikitengeneza fulana nyingine ya kuwaonyesha, watasema mjanja huyu kaja kumsafisha mchawi wake. Sina kitu ila mdomo, na mdomo wenyewe unatetemeka. Naogopa, sitaki kuwadanganya.

Wewe unayeshika kazi za watu, sikia. Ukijua kazi ni mbovu, sema ingali mezani kwako, uaibike mbele ya mteja mmoja. Mimi niliikwepa aibu hiyo, sasa kuna mama mzima anaogopa kurudi kwao, na hata kaburi la mwanawe hajalipandia ua.