Uso Mbele ya Mashuka

Siku Mama Povu alipojiandikisha darasa la picha, wenzake wa chumba cha kufulia walicheka hadi wakashika mbavu. Mwanamke mzima, vidole vimechubuka kwa sabuni, kamera ataishikaje? Alikuwa na lake moyoni: alitaka picha moja ya mumewe, na si picha yoyote, bali picha yenye uso.

Mumewe alikuwa mpiga pasi wa hapo hapo, chumba cha pili. Mtu mweusi tii, mpole, na mkaidi kupita kiasi. Katika picha yao ya harusi, bibi harusi anaonekana hadi kope, lakini bwana harusi ni suti yenye meno. Mashemeji walimtania weee, kwamba dada yao ameolewa na koti. Alicheka nao, kisha akaapa kimyakimya kutosimama tena mbele ya kamera. Tangu hapo, watu wakijipanga kupigwa picha, yeye ndiye anayewashikia mikoba. Watoto walikua, albamu ikajaa, na baba hayumo.

Darasa lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme. Siku ya kwanza kamera ziliwekwa otomatiki, na kila mwanafunzi alitakiwa kuja na kitu cha kupiga. Mama Povu akaja na shuka. Akalitandaza mezani kwa maringo, akapiga, akatazama kioo cha nyuma ya kamera, akanuna. Shuka lilikuwa la kijivu.

"Mwalimu, kamera hii mbovu," akasema. "Hili shuka nimelifua mwenyewe!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu, binti wa umri wa mwanawe wa kwanza, hakucheka. Alivua koti lake jeusi akalitandaza juu ya shuka. "Haya mama, piga na hili."

Nalo likatoka la kijivu.

"Kamera haijui umeipa shuka au koti," mwalimu akaeleza. "Yenyewe inapima mwanga tu. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Ikiona weusi mwingi inauongeza. Inataka kila kitu kiwe cha katikati. Ukitaka kitu kionekane kilivyo, itoe kwenye otomatiki uamue mwenyewe."

Mama Povu alikaa chini pole pole. Akili yake ilikuwa imeshafika kwenye picha ya harusi: gauni jeupe pe, pazia jeupe nyuma, maua meupe mkononi. Jamani! Miaka yote wamemcheka mtu wa watu, kumbe lililomfuta uso ni gauni la mkewe.

Akajifunza kama aliyepandwa na wazimu. Ilimchukua muda kukubali kwamba namba ndogo ndiyo inayofungua tundu la lenzi zaidi. Aliliona jambo hilo ni ubishi wa makusudi. Akajifunza kasi, yaani muda ambao kamera inakodoa jicho, na kwamba ikikodoa muda mrefu, mkono ukitikisika kidogo tu picha imeharibika. Birika la nyumbani lilipigwa picha mpaka likastahili mshahara.

Ndipo akamwendea mumewe. Bwana akakataa, akasihiwa, akakataa tena, mwishowe akachoka.

"Moja tu," akasema. "Na nitakaa hapa hapa kazini kwangu. Ikitoka koti, habari hii tusiiongee tena mpaka tufe."

Jumapili, mashine zimezimwa, akaketi kando ya meza ya pasi, shati limenyooka, na nyuma yake yametundikwa mashuka kutoka dari hadi sakafu. Weupe mtupu! Mama Povu akapiga hesabu. Akisikiliza kipimo cha kamera, mashuka yatatoka mazuri, kila mkunjo mahali pake, na mtu atapotea. Akitaka mtu, kazi yake yote ya wiki itaungua kwa mwanga, isionekane hata uzi.

Akamsogelea mpaka uso ukajaa kwenye kamera.

"Unanitafutia nini usoni?"

"Tulia, napima."

Akafungua tundu. Akapunguza kasi, mpaka mshale wa kipimo ukatulia chini kidogo ya katikati, uso usije ukatoka wa kijivu kama lile koti la mwalimu. Kisha akarudi nyuma, na mshale ukakimbilia upande wa kuzidi, ukimwambia anakosea. Akaupuuza. Akabana viwiko mbavuni, akazuia pumzi, akabonyeza.

Akatazama kioo. Mashuka hayakuwapo, palikuwa na mwanga tu. Na katikati ya mwanga huo alikaa mtu. Weusi wake ulikuwa na rangi ndani yake, ya shaba kwenye paji la uso, ya zambarau chini ya shavu. Mistari myembamba ilitoka kwenye pembe za macho. Mdomo ulikuwa umejiandaa kuumizwa, na macho yalikuwa yakimtazama yeye, mpiga picha, kwa imani ambayo hakuwahi kujua kwamba anapewa.

Akampa kamera. Mumewe aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole karibu na kioo asikiguse.

"Kumbe ndivyo unavyoniona siku zote?" akauliza kwa sauti ndogo.

Angeweza kusema ndiyo. Ingekuwa tamu, na angeaminiwa. Lakini machozi yalikuwa yamemtangulia.

"Hapana," akasema. "Hata mimi ndiyo kwanza nakuona."

Mumewe akamrudishia kamera, akashika kola ya shati akainyoosha, akarudi kuketi bila kuambiwa.