Sanamu Langu la Kumfukuza Mwewe

Hapa Milola mwewe alinimalizia vifaranga, mpaka nikasimika uani sanamu la mtu na kulivisha kanzu kuukuu ya mume wangu na kofia. Siri ni kulihamisha kila siku, kwani mwewe akilizoea atatua kichwani pake. Tangu hapo sijapoteza hata kifaranga, na majirani wanakuja kujifunza kwangu.

Juzi asubuhi nikamwona mwewe akizunguka juu. Nikakimbia, nikalikumbatia sanamu kiunoni, nikalinyanyua. Lilikuwa zito, tena lina joto! Kumbe ni baba mkwe, ambaye kwa heshima hata mkono simpi, amefika kutoka Mingoyo na kusimama kutazama vifaranga.

"Shikamoo, baba!" nikapiga kelele, bado nimembeba.

"Marahaba, mwanangu. Mwewe ameshakimbia. Nishushe."