Waziri Mwenye Kamyo

Mwaka wa 1998, nikiwa na miaka makumi ine na tatu, taabu yangu ilianza: walinifanya waziri.

Mbele ya pale nilikuwa mutu wa maana. Nilizaliwa Kasugho, kwa wazazi Wakatoliki. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu wa primaire. Nikashuka Butembo, nikabeba magunia ya chumvi kwa tajiri mumoja Mwislamu, mpaka siku moja nikamwambia na mimi naingia dini yake. Mama alilia. Baba pia alilia, lakini yeye hakulilia ubatizo. Alililia kasikisi, pombe yetu ya ndizi. "Mutoto mwanaume hakunywaka," alisema, "batu batamujua namna gani kama iko wangu?" Nikafanya kazi. Miaka kumi na tano ya chumvi na sabuni, nikanunua kamyo, lori ya matairi sita. Wenye diplome walikuwa wananiomba nafasi juu ya magunia.

Vita ya pili ilipokuja, wakubwa wa waasi walikaa Beni, wakatengeneza serikali. Serikali ilikuwa na bendera, ilikuwa na mihuri, lakini haikuwa na gari ya kubeba vitu. Wakauliza nani Butembo ana kamyo yenye kutembea. Wachuruzi wenzangu walikuwa wamefungua matairi ya kamyo zao, wakaficha chini ya vitanda. Mimi sikuficha, nilikuwa naringa nayo. Barua ikafika: nimekuwa waziri wa usafirishaji.

"Na nikikatala?" niliuliza askari aliyeileta.

"Ukikatala, Papa, kamyo itakubali."

Nikakubali. Niliingia siasa kwa kuokoa kamyo, na sikumdanganya mutu yeyote kwamba niliingia kwa kuokoa Congo. Wenzangu walidanganya. Biro yangu, ofisi ya waziri kule Beni, ilikuwa na meza moja na kiti kimoja. Mugeni akija, mimi nakaa, yeye anasimama. Mugeni akiwa na bunduki, mimi nasimama.

Kazi yangu ya kweli ilikuwa kisu. Kati ya askari kulikuwa Waislamu, na Mwislamu hali nyama kama haikuchinjwa na Mwislamu mwenye kutaja jina la Mungu. Wao walikuwa vijana wa bunduki, kuchinja hawakujua; katika serikali nzima Mwislamu alikuwa mimi, na kisu walinipa mimi. Wakubwa walipenda karamu kuliko vita. "Excellence, kuya uchinje!" Navua koti, nasema Bismillahi, nakata. Mbuzi zilifika na kamba shingoni, mbili, tatu, na komanda anasema ni wananchi wamechanga. Sikuuliza. Mutu wa serikali haangalii masikio ya mbuzi, anaangalia shingo tu.

Siku moja asubuhi, mugeni mukubwa alikuwa anatoka ng'ambo ya mpaka. Waliniletea mbuzi jike moja, mweusi, mwenye kupiga kelele. Nilipomushika kichwa, kidole changu kiliingia katika sikio lake la kushoto. Lilikuwa limekatwa pembe mbili. Ile alama ni yangu. Mwaka uliopita nilikata masikio ya mbuzi kumi na mbili kwa wembe, nikazipeleka Mabalako, mahari ya kijana wangu.

"Afande, hii mbuzi imetoka wapi?"

"Bananchi ba Mabalako banachanga, Excellence."

"Hii iko mahari ya mutoto wangu."

Komanda akacheka mpaka akashika tumbo. "Bien! Donc iko mali yako. Chinja, hapana mutu anaiba kitu yake."

"Mahari ikishatoka, haiko yangu tena. Nikiikula, nakula ndoa ya mutoto."

"Mukubwa, tuko na njala, hatuko na kanisa hapa wala muskiti. Chagua: kisu ao kamyo."

Watu wanapenda kuniuliza kama nilifikiri sana. Nilifikiri matairi sita, mapya. Halafu nilifikiri bibi ya kijana wangu, aliyekuwa na mimba nyumbani kwangu, na baba yake angekuja kumuchukua. Nikafuta kisu, nikakiweka mufukoni, nikashika kamba. Nyuma yangu nilisikia kamyo inawashwa. Mulio wake nilikuwa naujua kama kikohozi cha mama. Sijaiona tena. Walisema inabeba mbao kuelekea mpaka. Komanda alitafuta Mukatoliki wa kuchinja mbuzi ingine, na Waislamu wake wakala maharagi.

Nilitembea na mbuzi mpaka Mabalako, jua likashuka tukiwa njiani. Mukwe wangu, baba wa bibi ya kijana, mukulima na mwimbaji wa kanisa, alinikuta mulangoni.

"Ee mukwe! Waziri anatembea na miguu? Kamyo iko wapi?"

"Kamyo ndiyo ilikuwa waziri. Mimi nilikuwa dereva wake."

Akacheka, akamushika mbuzi sikio. Halafu hakucheka tena.

"Hii ndiyo ya mwisho," alisema. "Nilikuwa naificha mu jikoni. Zile kumi na moja askari balichukua mbele ya hii, mbili, tatu. Banasema iko Mwislamu mumoja kule Beni anabachinjia vizuri sana."

Niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa viatu vya waziri, vyeusi, vya ngozi nzuri.

"Mukwe," aliniambia, "ingia ukule. Kuna sombe, majani ya muhogo tu, haina nyama."

Bibi ya kijana alizaa kwangu. Hawakumuchukua.

Vita ilipoisha nilisimama katika uchaguzi, ubunge wa jimbo. Sikuwa na kamyo wala bia ya kugawa. Mukwe alizunguka Mabalako yote akiniimbia sifa: "Muchague huyu, alikula kumi na moja akarudisha moja. Bengine habakurudisha hata mukia." Nilipita. Nikasinzia bungeni kama wenzangu, lakini mimi sikukoroma.

Leo niko na nyumba moja ya matofali Butembo. Shamba moja la kakao. Pikipiki moja, kijana anaiendesha. Wajukuu sita. Kisu kimoja, cha kuchinja Idi. Kamyo, hapana. Mbuzi, hapana: kumi na moja za kulipa deni zilienda Mabalako kwa miguu, na mimi nyuma yao.