Rangi ya Tumbo la Mashua

Harufu ya tapentaini ikinipitia puani, hata iwe katika duka la vifaa vya ujenzi, narudi Ziwani, uani kwetu, kando ya mashua ya alumini iliyolazwa kifudifudi juu ya mawe manne. Msinicheke. Mtaa wetu uliitwa Ziwani, ingawa maji yote tuliyoyajua sisi watoto yalitoka bombani. Baba, aliyekuwa fundi wa reli, aliinunua mashua hiyo mnadani ili ampelekee Baba Mdogo, nduguye aliyevua samaki kwetu magharibi, kwenye ziwa la kweli. Mashua ya mbao ya Baba Mdogo ilikuwa imeoza, na barua kutoka nyumbani zilisema alichota maji mashuani zaidi kuliko alivyovuta nyavu.

Ilibaki kupakwa rangi ya chini, ile ya kuzuia mwani usigande. Baba alikuwa ameshaamua: nyekundu. Rafiki yake wa bandarini Mombasa alimpa mkebe mzima wa rangi ya meli, nzito kama uji wa wimbi. Jumamosi moja tulipaka nusu, mimi upande wangu na yeye wake, majirani wakitazama kana kwamba kuna harusi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na siku hiyo nilijiona nahodha.

Ndipo akaja Baba Njeri, jirani yetu aliyefua sufuria. Alichovya kidole, akakinusa, akasoma maandishi ya mkebe.

"Baba Atieno, hii rangi iko na kopa ndani, shaba. Itakula hii mashua yako."

"Si inapakwa meli kubwa, na hazizami?"

"Meli ni chuma. Hii yako ni sufuria tu. Ngoja nikuonyeshe."

Alirudi na sufuria kuukuu ambayo fundi fulani aliiziba kwa ribiti za shaba. Kandokando ya kila ribiti alumini ilikuwa imelika, ikawa unga mweupe. Baba aligusa kwa ukucha, ukucha ukapenya. Mimi nilimchukia Baba Njeri kwa sababu ya upande wangu niliokuwa nimeupaka vizuri.  Baba alichukua msasa akaanza kukwangua.

Tulikwangua Jumamosi tatu mpaka vidole vikachubuka. Baba Njeri alimwambia ipo rangi ya kijivu inayofaa alumini, tena inapatikana kwa urahisi. Mama naye akachoka: "Paka hata nyeupe, bora hiki kitu kitoke kwa kamba zangu za nguo." Baba aligoma katakata. Alitaka nyekundu, na isiyo na shaba. Tulizunguka kwa miguu duka baada ya duka, kutoka soko la Gikomba mpaka kwenye viwanda, akiwauliza wauzaji swali lilelile hadi wakaanza kutukimbia kwa macho. Niliona aibu, nasema kweli. Alipoipata hatimaye, aliubeba mkebe mwenyewe hadi nyumbani, hakukubali nimsaidie. Mashua iliondoka kwa behewa la mizigo ikiwa nyekundu tumbo zima.

Tulipomzika Baba, miaka mingi baadaye, niliwasimulia waombolezaji kisa hiki ili wacheke kidogo. Walicheka wote isipokuwa Baba Mdogo. Jioni aliniita kando.

"Tulikuwa ndugu watatu," alisema. Sikuwa nimewahi kulisikia hilo. "Mkubwa wetu mashua yake ilipinduka. Chini ilikuwa imepakwa lami. Mimi na baba yako tulipita karibu nayo mara mbili tukimtafuta, tukadhani ni magugu yanayoelea. Tulipoifikia mara ya tatu alikuwa bado ameishikilia, lakini alikuwa ameshakufa."

Nilimshika mkono. Maisha yangu yote nilikuwa nimewaambia watu kwamba Baba alipenda nyekundu. Kumbe alikuwa akimtafutia mdogo wake rangi ya kuonekana kutoka mbali, siku mashua itakapolala tumbo juu.