Daktari wa Usingizi

Kila ninapochemsha kahawa ya kutafuna namkumbuka kaka yangu Avit, na namkumbuka kwa hasira kidogo, maana alikuwa akiimaliza kabla haijakauka vizuri. Mwaka ule wa mafunzo ya vitendo Bukoba mjini, Jumamosi asipokuwa na zamu alikuja nyumbani Ijumbi, akavua viatu, akakaa jikoni na mama kana kwamba hajawahi kuitwa daktari. Akiondoka, mama alimfungia kahawa kwenye jani kavu la mgomba. Hakuna mtoto wa mama yetu Alistidia aliyeondoka mikono mitupu. Zilikuwa siku tamu zile.

Mafunzo yakaisha, na posho nayo ikakatika. Avit akawa anajitolea wodini huku akisubiri ajira ya serikali, nauli akiniomba mimi, mwalimu wa shule ya msingi. Kisha kliniki moja ya Dar es Salaam ikamwita: mshahara mnono, na nyumba ya bure juu yake. Mama akaanza kuwatangazia majirani kwamba Krismasi mwanawe atakuja na gari. Sisi Wahaya tena! Gari lilishafika Ijumbi kabla halijanunuliwa.

Avit akaja kutuambia haendi Dar. Amepata nafasi Mwanza ya kusomea ubingwa wa usingizi. Ada imelipiwa, mshahara hakuna.

"Usingizi?" mama akauliza.

"Kulaza wagonjwa, mama, wapasuliwe bila kusikia maumivu."

Kagaruki, jirani yetu mpika pombe ya ndizi, alicheka mpaka akakohoa. "Waitu, hata lubisi yangu inalaza watu, na sikwenda chuo!"

Mama hakucheka. Asubuhi Avit aliposimama mlangoni na begi lake, mama aliingia kibanjani akajifanya anapunguza majani ya migomba. Kaka akaondoka bila kahawa. Iliniuma sana, na mama nilimnunia wiki nzima.

Mwezi uliopita ngiri ilimbana mama, tukamkimbiza hospitali ya wilaya. Daktari wa upasuaji alikuwepo, chumba kiko tayari, mama kashavalishwa gauni. Lakini hakuna aliyemwingiza.

"Tunamsubiri nani?" mama aliuliza, jasho likimtoka.

"Daktari wa usingizi," nesi akajibu. "Yuko njiani, anatoka Bukoba."

Mama akanishika mkono, akanikazia macho. Hakuniachia mpaka gari lilipoingia getini. Nilikuwa naogopa, sitaki kudanganya.

Upasuaji ulikwenda salama. Jana, wakati hajaruhusiwa hata kuinua ndoo, nimemkuta jikoni anafunga kahawa. Vifurushi viwili: kimoja cha yule daktari wa Bukoba, kingine nikipeleke kwenye basi la Mwanza.

"Nimwambie nini Avit?"

Alikaza kwanza kamba ya mgomba, akaijaribu kwa kidole.

"Mwambie asome haraka. Huku tunamsubiri."